Tafsiri Niliyoilainisha Mpaka Ikanyamaza

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Neno hilo si langu. Daktari Ingrid ndiye aliyeagiza liandikwe kwa Kiswahili kwenye keki ya kuniaga, na mwokaji wa Riyadh, asiyejua Kiswahili hata kidogo, alilinakili herufi kwa herufi bila kosa. Nililikagua mara tatu kabla hatujaikata. Ndivyo nilivyo, na ninyi mnaoichukua meza yangu mtakuwa mmeshaliona hilo kwenye folda nilizowaachia.

Mliniomba niwaandikie jinsi kazi inavyofanywa. Nimejaribu. Nimeandika mwanzo huu mara sita na kuuchana mara tano, huu wa sita nimeuacha kwa sababu ndege yangu ya kurudi nyumbani ni keshokutwa.

Nilifika Riyadh nikiwa na miaka ishirini na mmoja, nimetoka Wundanyi kuja kufanya kazi za ndani. Baba wa nyumba alikuwa Msaudi, madam alikuwa Mjerumani, na watoto wao watatu walizungumza lugha yoyote iliyowafaa kupata biskuti. Kijerumani nilijifunza kwao. Nilianza na vitabu vyao vya picha nikivipanga rafuni, kisha maandishi ya kwenye makopo ya jikoni, kisha barua za shule ambazo madam aliziacha mezani. Kila neno jipya nililiandika kwenye daftari, na nikikosea herufi moja nilichana ukurasa mzima nikaanza upya. Sina cheti cha lugha hiyo, wala cha kitu kingine chochote baada ya kidato cha nne. Miaka yote hii nimekuwa nikiogopa kwamba siku moja mtu ataingia ofisini aniulize nilisomea wapi. Hakuna aliyewahi kuingia, lakini hofu haikuondoka.

Daktari Ingrid, mwanasaikolojia, alikuwa rafiki wa madam. Siku moja alikuwa sebuleni kwetu akilalamika kwamba amekosa mtu wa kumkagulia fomu zake za Kiingereza na Kijerumani. Nilikuwa naondoa vikombe. Nikasema, kwa Kijerumani, kwamba mimi naweza, kisha nikakimbilia jikoni kwa aibu. Alinifuata hukohuko akiwa na karatasi mbili mkononi.

"Zinatakiwa zifanane," alisema. "Niambie wapi hazifanani, Bi Wakio."

Nilipata sehemu nne. Yeye alikuwa anazijua tatu. Lakini kilichonibaki moyoni ni lile "Bi Wakio". Katika nyumba ile niliitwa kwa jina langu tupu, na sokoni niliitwa "ya bint", yaani we msichana. Mkataba wangu ulipoisha, madam alikubali kuhamisha ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, iende kwenye kliniki ya Daktari. Alinung'unika mwezi mzima, halafu akaninunulia viatu vya ofisini.

Sasa kazi yenyewe. Hojaji ya sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ni fomu fupi inayouliza juu ya wiki mbili zilizopita: ni siku ngapi ulikosa usingizi, ni siku ngapi chakula hakikupanda, ni siku ngapi ulijiona huna maana. Kila jibu lina alama, kuanzia sifuri mpaka tatu. Ipo ya Kiingereza, ipo ya Kijerumani, na daktari anayezitumia anataka kujua kama zote mbili zinapima kitu kilekile. Kwa hiyo unatafuta watu wanaozijua lugha zote mbili. Kila mmoja anajaza fomu moja wiki hii na ya pili wiki inayofuata. Nusu yao wanaanza na lugha hii, nusu na ile, kwa sababu mtu akishayazoea maswali hujibu kwa namna nyingine. Fomu haina jina, ina namba. Orodha ya namba na majina inakaa kwenye kabati la Daktari, na ufunguo anao yeye peke yake. Swali la mwisho, linalouliza kama mtu amewaza kwamba ni afadhali angekuwa amekufa, husomwa na Daktari siku ileile, kabla karatasi haijaingia kwenye folda. Shikeni hilo la mwisho hata mkisahau mengine yote.

Kifaa changu kikubwa kilikuwa rula ya chuma. Naiweka chini ya mstari, naingiza alama kwenye kompyuta, nasogeza. Nikimaliza, nakagua kuanzia chini kwenda juu, kwa sababu jicho linaloshuka huona kile linachokitarajia. Kompyuta nayo nilijifunza mwenyewe, kwa video za kwenye simu, nikiwa nimejifungia chooni wakati wa mapumziko ili wenzangu wasione kwamba sijui.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa ya injinia mmoja Mjerumani. Fomu yake ya Kiingereza ilikuwa na sifuri tupu. Ya Kijerumani ilikuwa nzito kila mahali. Niliamini nimekosea kuingiza. Nilirudia mara nne. Halafu niliamini namba zimechanganywa na hizo ni fomu za watu wawili. Nilimpelekea Daktari, nikamwomba msamaha kabla hajajua kosa ni lipi. Yeye alifungua kabati, akatafuta jina, akampigia simu yule mtu pale pale mbele yangu na kumwomba aje wazungumze. Alikuja. Fomu ya Kiingereza aliijaza ofisini kwake kati ya mikutano miwili, na ofisini, alisema, yeye ni mzima kabisa. Ile ya pili aliijazia nyumbani.

Alipoondoka, Daktari aliniambia, "Karatasi mbili, mtu mmoja. Zikitofautiana, karatasi haina la kukujibu. Muulize mtu."

Nililiandika neno hilo, nikalibandika juu ya kompyuta yangu. Mtalikuta bado liko pale. Lilikuwa limebandikwa hapo hapo siku nilipofanya ninalotaka kuwasimulia sasa.

Baada ya miaka kadhaa ya Kijerumani, Daktari aliamua tutengeneze fomu ya Kiswahili tuilinganishe na ya Kiingereza. Alikuwa amewaona Wakenya wengi wanaofanya kazi majumbani, na aliona vibaya kwamba wanapimwa kwa lugha ya kuajiriwa. Tafsiri alinipa mimi. Mimi! Nilitafsiri kwa wiki tatu. Kisha ikapelekwa kwa Bi Zuhura, nesi Mzanzibari wa zahanati moja ya Jeddah ambako tulikuwa tunaazimwa chumba. Yeye hakuwa ameiona ile ya Kiingereza. Kazi yake ilikuwa kuirudisha tafsiri yangu katika Kiingereza, ili tuone kama maana imefika salama. Ilifika. Alinipigia simu mwenyewe.

"Mwanangu, hii iache ilivyo. Imekaa sawa. Usije ukaanza kuichokonoachokonoa."

Alikuwa ananijua kwa sauti tu, na bado alikuwa ameshanijua.

Tulianzia mtaa wa Batha, hapa hapa Riyadh, Ijumaa, katika chumba kilicho juu ya mkahawa ambapo Wakenya wenye ruhusa ya kutoka hukutana kula ugali na kutuma vifurushi. Karatasi za Kiingereza zilikuwa nyeupe, za Kiswahili za njano. Wanawake walikaa kwenye mkeka wakajaza. Aliyechekesha chumba kizima alikuwa Nafula, wa kutoka Webuye, mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa kuliko mwili.

"Wakio, hapa wanauliza kama nimepoteza hamu ya kula," alisema kwa sauti ili wote wasikie. "Waandikie hamu ilipotea, nikaitafuta, nikaipata kwenye sahani ya Mama Shiko."

Mama Shiko, mkubwa wetu sote pale, aliivuta sahani yake karibu. "Jaribu tu uone."

Wiki ya pili walibadilishana rangi. Niliporudi ofisini niliziweka fomu ubavu kwa ubavu, nyeupe na njano. Nyeupe zote zilikuwa sifuri. Njano zilikuwa zimejaa: usingizi hakuna, nguvu hakuna, sina maana, nimewaangusha watu wangu. Karibu kila mwanamke alikuwa watu wawili.

Ninyi mlio na akili timamu mngesoma kile kibandiko. Mimi sikukisoma. Niliona jambo moja tu, kwamba fomu ya Kiingereza imetengenezwa na maprofesa na ya Kiswahili imetengenezwa na mimi. Kosa lingekuwa wapi? Niliamini nimetafsiri kwa maneno makali mno, kwamba nimewatia watu huzuni ambayo hawana. Nilikuwa nimengoja miaka yote nigunduliwe, na sasa ushahidi ulikuwa mezani kwangu, wa rangi ya njano.

Kwa hiyo nilimdanganya Daktari. Nilimpa fomu nyeupe azisome, nikamwambia za njano bado ni rasimu, tafsiri haijatulia. Aliniamini, kwa sababu sikuwa nimewahi kumpa sababu ya kutoniamini. Zile za njano nikazifungia kwenye droo. Nililisoma swali la mwisho kwenye kila moja. Kwenye fomu ya namba kumi na saba, palikuwa na alama ya juu kabisa, karibu kila siku. Nililiona. Nikasema moyoni, ona hata hili nimelitafsiri vibaya.

Nikaanza kulainisha. "Kujiona huna maana" nikaigeuza "kutojisikia vizuri kukuhusu". "Umewaza kwamba ni afadhali ungekuwa umekufa" nikaigeuza "umehisi kuchoka sana na mambo". Ijumaa iliyofuata nilijaribu fomu mpya kwa kikundi kingine, na alama zikashuka. Nikalainisha tena, zikashuka tena. Ijumaa moja zaidi, nyeupe na njano zilikuwa karibu sawa. Nilifurahi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini nilifurahi, na nikanunua sambusa njiani.

Ijumaa ya mwisho nilikuwa nawagawia tena wale wa kikundi cha kwanza karatasi nyeupe pale Batha. Nafula hakuwapo. Familia aliyoitumikia ilikuwa imehamia Jeddah. Mama Shiko alichukua karatasi yake, akachora sifuri kuanzia juu mpaka chini kwa mkono mmoja huku mkono mwingine ukiwa kwenye simu, akanirudishia.

"Mama Shiko, hata hujasoma."

"Nisome nini? Hii si ni ile ya Kizungu?"

"Ndiyo, lakini maswali yake ni..."

"Wee Wakio, umesahau medical?" Aliweka simu chini akanitazama kama mtoto aliyevaa sketi kinyume. "Nairobi, kwa ile kliniki ya ajenti. Fomu ya Kizungu ni ya kusema No. Kifua, No. Presha, No. Mawazo, No. Ukisema yes moja tu unaandikiwa unfit, unarudi ushago na mkoba wako. Halafu ukifika hapa, wanakupima tena ya ikama. No, No, No. Nani ataweka yes kwa fomu ya Kizungu, ana wazimu?"

Chumba kizima kilicheka. Msichana mmoja akaongeza, "Mimi hata jina langu karibu niandike No."

"Na zile za njano?" niliuliza.

"Za njano si ni zako? Hizo tuliongea na wewe."

Nami nilikuwa nimesimama kwenye foleni ileile ya Nairobi. Niliambiwa maneno yaleyale na mwanamke aliyekuwa nyuma yangu, na niliandika No kila mahali, hata pale palipouliza kama nimewahi kuumwa kichwa. Nilikuwa najua jambo hili kwa mkono wangu mwenyewe. Maprofesa hawakulijua, Daktari hakulijua, mimi nililijua, na nikaliacha likae.

Nilichukua teksi mpaka ofisini nikafungua droo. Kumi na saba. Sikuwa na orodha ya majina, na ufunguo alikuwa nao mtu mmoja tu, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kumfikia yule mwanamke bila kukiri. Nilimpigia Daktari Ingrid nyumbani, siku ya mapumziko, nikamwambia yote kwa mkupuo. Alikuja baada ya dakika ishirini, abaya ameitupia juu ya nguo za bustani, udongo ungali kwenye kucha. Aliisoma fomu akiwa amesimama. Alifungua kabati, akashuka na kidole kwenye orodha.

"Nafula," alisema.

Nilianza kulia na kuomba msamaha. Alinyanyua mkono. "Bi Wakio, aibu ina wakati wake. Sasa piga simu."

Nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka mingi, na kama kuna sentensi moja ya kwake ninayotamani ingekuwa yangu, ni hiyo. Hakunifariji na hakunigombeza, kwa kuwa palikuwa na mtu mwingine wa kushughulikiwa kwanza.

Simu ya Nafula ilikuwa imezimwa. Tulimpigia Mama Shiko, naye akampigia dereva wa nyumba ile, Mkamba aliyehama na familia. Jibu lilirudi haraka: "Yuko. Kazi anafanya. Ila siku hizi hacheki."

Daktari alimpigia Bi Zuhura kule Jeddah akamweleza. Bi Zuhura hakuuliza swali hata moja. Alivaa, akaenda, akagonga mlango wa nyumba ya watu asiowajua, akamwambia madam wa Nafula kwa Kiarabu kizuri kwamba amekuja kumjulia hali mwenzake wa kwao. Kati ya Webuye na Zanzibar pana safari ndefu, lakini madam hakuwa na ramani. Alimkaribisha kahawa. Bi Zuhura akainywa, kisha akahamia jikoni, akakaa kwenye kiti karibu na jiko akimenya vitunguu na Nafula mpaka magharibi. Alipoondoka, Nafula alikuwa amemwahidi mambo mawili: kwamba usiku atalala chumba kimoja na yaya wa Kifilipino, na kwamba asubuhi atakuja zahanati.

Sisi tulipanda ndege ya kwanza. Nafula aliletwa na dereva, na madam akaja pia, akakaa ukumbini na tasbihi yake. Daktari alimwomba kwa adabu asubiri huko huko. Ndani tulikuwa watatu. Nafula alikuwa amepungua.

"Kumbe ulisoma," alisema.

"Nilisoma."

"Nikangoja. Nikasema, labda Wakio amesoma akanyamaza. Labda ndivyo inavyokuwa."

Nilimwambia ukweli: kwamba nilisoma siku ileile, na nikadhani ni mimi niliyekosea kutafsiri. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Wewe! Unajilaumu mpaka mtu anakosa nafasi ya kuugua."

Halafu akalia. Mama yake alikuwa amezikwa. Aliyatazama mazishi kwa simu huku akipiga pasi mashati ya baba wa nyumba, na hakumwambia mtu yeyote, si madam, si sisi wa Batha, kwa sababu aliona akianza kusema ataonekana hafai, atarudishwa, na wadogo zake watakosa wa kuwategemea. Daktari aliniambia nimsomee swali la mwisho upya, kutoka kwenye tafsiri ya kwanza. Koo langu lilitaka kulilainisha hata pale. Nililisoma lilivyo.

"Jumanne, ndiyo," Nafula alisema. "Na Alhamisi. Jana alikuja yule mama wa vitunguu. Leo hapana."

Nikaandika hivyo hivyo.

Yaliyofuata yalichukua miezi. Kwa idhini ya Nafula, Bi Zuhura alimweleza madam kuhusu msiba. Madam alikasirika kwelikweli, akamuuliza Nafula kwa nini alimwona yeye ni jiwe, kisha akamtafutia ruhusa ya kwenda nyumbani na kurudi, ingawa Ramadhani ilikuwa mlangoni na alilalamikia hilo mpaka kwenye gari. Daktari alimtibu kwa simu kila wiki, na kumpata daktari wa kumwona huko Bungoma. Zile fomu za njano za kwanza alizisoma zote wikendi ile, na wenye alama za juu aliwaita mmoja mmoja. Mimi nilidhani nitafukuzwa. Alinirudisha mezani Jumapili asubuhi na kunipa karatasi moja ya ziada ya kutengeneza: ukurasa wa kusomwa kwa sauti kabla ya fomu yoyote, kwa lugha yoyote, unaosema kwamba hii si medical, ajenti hataiona, wala bosi. Ndio mnaousoma hadi leo. Aliyeandika maneno yake ni Mama Shiko, mimi nilishika kalamu tu.

Tafsiri mnayoitumia ni ile ya kwanza. Ina kasoro tatu ninazozijua, na zinaniuma. Msiziguse kabla hamjakaa na walioijaza.

Kurasa hizi nilimtumia Nafula kabla ya kuwapa ninyi, maana ni zake pia. Yuko Webuye, ameacha kazi za ng'ambo, ana genge la mboga na wateja anaowatukana. Alinijibu kwa ujumbe wa sauti, jogoo akiwika nyuma yake. Ameruhusu jina lake litumike. Mwili mkubwa, anasema, ningeuita mwili wa kutosha. Kisha akasema: "Na pale zahanati umeandika nililia. Mimi sikulia, Wakio. Nilicheka tu. Aliyelia ni wewe, mpaka yule Mzungu akakupa kitambaa chake."

Nimekaa na hilo usiku mzima. Ninavyokumbuka mimi, alilia. Nimempigia tena kumuuliza, na amekataa katakata, tukacheka. Sikufuta nilichoandika, na alichosema nimekiweka hapa.